Matembezi ya Wanafunzi Siku ya Mtakatifu Bakhita: Fundisho juu ya Biashara ya Wanadamu

Tarehe 8 ya mwezi wa pili ni siku aliyofariki Sista Yozefina Bakhita, mwaka 1947, katika mji wa Schio, nchi ya Italia. Tangu mwaka 2015 Kanisa Katoliki limeifanya siku hiyo kuwa siku ya sala na ya kuwazindua watu juu ya biashara ya wanadamu. Umoja wa Mataifa nao, kwa azimio la mwaka 2013, umeweka tarehe 30 ya mwezi wa saba kwa shabaha hiyohiyo. Tena shirika moja liitwalo A21, lililoanzishwa mwaka 2008, huandaa matembezi kila mwaka katika miji mingi ya dunia: watu huvaa nguo nyeusi, hujipanga mstari mmoja, mtu nyuma ya mtu, nao hutembea barabarani pasipo kusema neno.

Fundisho hili ni la walimu na makatekista wanaotaka kuwapeleka wanafunzi wao kwenye matembezi ya namna hiyo kwa siku moja. Mfano wa wanafunzi uliomo ndani yake umetungwa kwa ajili ya kufundishia. Lakini habari za historia na za sheria ni za kweli, nazo zapaswa kusomwa darasani kabla ya siku ya safari.

1. KWA NINI KUTEMBEA, NA KWA NINI KIMYA?

Mwanafunzi mwenye akili atauliza: Miguu yetu itamfaa nini mtu aliyefungwa mbali? Swali hilo ni jema, wala mwalimu asilikwepe. Ajibu wazi kwamba matembezi peke yake hayamfungui mtu hata mmoja. Faida zake ni nyingine. Kwanza, wenye maduka na wapita njia huona mstari mrefu wa watu walionyamaza, wakauliza sababu, wakapewa karatasi ya kusoma. Pili, mtembeaji mwenyewe hujifunza kwa mwili wake jambo ambalo masikio hulisahau upesi. Tatu, huenda katika umati yumo mtu aliyekwisha kuahidiwa kazi ya udanganyifu, naye hana wa kumwuliza. Siku hiyo hupata neno la kumwamsha.

Kimya kina maana yake pia. Anayenunuliwa hunyang'anywa kwanza sauti, kisha jina. Kwa hiyo wenye sauti hunyamaza kwa muda mfupi, wapate kuwafikiri wasioweza kusema. Lakini mwalimu akumbuke: matembezi yasiyotanguliwa na mafundisho ni gwaride tu.

2. HABARI ZA MTAKATIFU BAKHITA

Bakhita alizaliwa Darfur, magharibi ya Sudani, karibu na mwaka 1869. Alipokuwa mtoto mdogo watu wawili wenye silaha walimkamata shambani, wakamwuza. Kwa hofu aliyokuwa nayo alilisahau jina alilopewa na wazazi wake, wala hakulikumbuka tena maisha yake yote. Neno Bakhita, maana yake mwenye bahati, ni jina alilobandikwa na hao waliomteka. Aliuzwa mara nyingi. Katika nyumba ya bwana wake mmoja alichanjwa mwilini kwa wembe, na vidonda vikasuguliwa kwa chumvi ili alama zisifutike. Alama hizo zilikuwa zaidi ya mia moja.

Mwaka 1883, mjini Khartoum, alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia, na baadaye akachukuliwa mpaka Italia. Huko bibi aliyemshika alitaka kumrudisha Afrika. Bakhita akakataa kutoka katika nyumba ya masista Wakanosa mjini Venezia, walikokuwa wakimfundisha dini. Shauri likapelekwa mbele ya hakimu, na tarehe 29 ya mwezi wa kumi na moja mwaka 1889 iliamuliwa kwamba yeye ni mtu huru, kwa sababu sheria ya Italia haikuutambua utumwa. Mwaka 1890 alibatizwa. Mwaka 1896 aliweka nadhiri za kitawa. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri mwaka 1992, na Mtakatifu mwaka 2000.

Wanafunzi waangalie jambo moja. Bakhita alisaidiwa na masista, na hakimu, na sheria. Walakini neno la kwanza lilikuwa lake mwenyewe: alisema hapana. Kazi ya wengine ilikuwa kusimama nyuma ya neno hilo lisipotee bure.

3. NJIA YA KALE

Watu wa ukingo wa Ziwa Tanganyika hawana haja ya kwenda mbali ili kuona nyayo za watumwa. Katika karne ya kumi na tisa misafara ilitoka Maniema, ikapita nchi ya milima, ikafika ziwani. Hapo Mtowa, si mbali na mji wa sasa wa Kalemie, watu na pembe za ndovu walipakiwa ndani ya mashua na kuvushwa mpaka Ujiji. Kutoka Ujiji walikwenda kwa miguu mpaka pwani, Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilometa elfu moja. Wengi walifungwa kongwa shingoni, yaani mti wenye panda, wakafuatana kwa mstari. Aliyeanguka njiani aliachwa.

Tarehe 15 ya mwezi wa saba mwaka 1871, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, watu wa misafara waliwapiga risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Msafiri David Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake, na barua zake zilipofika Ulaya zilisaidia kuharakisha mapatano ya mwaka 1873, ambayo kwayo soko la watumwa la Unguja lilifungwa.

Lugha ya Kiswahili yenyewe ilifika Maniema na Tanganyika kwa njia za misafara hiyohiyo. Mwanafunzi asione haya kwa sababu hiyo. Lugha haina dhambi. Leo hutumika kusali, kufundisha, na kuwaonya watu wasiuzwe tena.

4. WALIOVUNJA MINYORORO, NA WALIOFUNGA MINGINE

Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka Paris, London na Brussels akiwahutubia watu juu ya utumwa wa Afrika. Katika mwaka huohuo Papa Leo wa Kumi na Tatu aliwaandikia maaskofu wa Brazili barua ya kuulaani utumwa. Kwenye ukingo wa Ziwa, Kapteni Leopold Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa, aliwalinda watu wa Mpala na nchi za jirani tangu mwaka 1887. Alioa huko, akazeeka huko, akafa huko mwaka 1927. Mwisho wa mwaka 1891 Kapteni Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, alijenga ngome mahali palipoitwa baadaye Albertville. Ndio mji wa Kalemie wa leo. Basi mji huo ulianza kama boma la kuzuia biashara ya watu.

Ng'ambo ya pili, Karema, aliishi mtu ambaye habari zake zastahili kujulikana na kila mwanafunzi. Jina lake Adrien Atiman. Alitekwa utotoni karibu na mto Niger, akakombolewa kwa fedha na Mapadri Weupe, akasomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema kama katekista na mganga, akawatibu watu kwa zaidi ya miaka sitini, mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtoto aliyekuwa bidhaa alikuwa daktari wa nchi nzima.

Lakini ukweli usemwe wote. Serikali ya Mfalme Leopold wa Pili, iliyojisifu mbele ya dunia kwamba imekuja kuufuta utumwa, ilimteua Tippu Tip mwenyewe, mfanyabiashara mkuu wa pembe na watumwa, kuwa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887. Baadaye, ilipokwisha kuwashinda wafanyabiashara hao katika vita vya miaka 1892 mpaka 1894, serikali hiyohiyo iliwalazimisha watu kwa bunduki na kwa kiboko kuleta mpira wa msituni. Vijiji vilichomwa, na wanawake waliwekwa rehani mpaka waume wao watimize kipimo. Mambo hayo yalisababisha Ubelgiji kumnyang'anya mfalme nchi hiyo mwaka 1908. Fundisho lake ni hili: anayetangaza uhuru kwa mdomo apimwe kwa matendo yake. Mnyororo waweza kubadilishwa jina usiondolewe.

5. BIASHARA YA LEO

Leo hakuna soko la wazi wanakopangwa watu kama mbuzi. Biashara imejificha ndani ya maneno mazuri: kazi, masomo, ndoa, safari. Kwa hiyo ni lazima kuijua kwa sheria. Mapatano ya Palermo, yaliyokubaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000, hueleza kwamba biashara ya watu ina sehemu tatu.

Ya kwanza ni tendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumficha au kumpokea.

Ya pili ni njia: nguvu, vitisho, kuteka, hila, udanganyifu, kutumia vibaya mamlaka au unyonge wa mtu, au kumlipa aliye na amri juu yake.

Ya tatu ni shabaha: kumtumia mtu kwa faida, kama vile ukahaba, kazi za kulazimishwa, utumwa, au kumtoa viungo vya mwili.

Mtu akikubali kwa sababu alidanganywa, kukubali kwake si kitu mbele ya sheria. Na kwa mtoto, yaani mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, sehemu ya pili haihitajiwi kabisa. Hata kama hakudanganywa, hata kama aliitikia kwa furaha, anayemsafirisha kwa shabaha hiyo ana hatia.

Wengine hudhani kwamba ni lazima kuvuka mpaka wa nchi. Sivyo. Mtoto anayetolewa kijijini, akaahidiwa shule mjini, kisha akafungiwa ndani ya nyumba kufua na kulea bila mshahara wala masomo, yeye pia amefanyiwa biashara. Vivyo hivyo mvulana anayepelekwa kwenye machimbo ya dhahabu na kuambiwa kila mwezi kwamba deni lake la chakula limepita mshahara wake. Vivyo hivyo mtoto anayechukuliwa na watu wenye silaha. Kwa kosa hilo la mwisho, la kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto walio chini ya miaka 15, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga mwaka 2012, hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo.

Shirika la Kazi la Kimataifa na wenzake walikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 duniani walikuwa katika kazi za kulazimishwa, na kati yao watoto walikuwa zaidi ya milioni 3. Nchini Kongo, katiba ya mwaka 2006 yakataza kumweka mtu yeyote utumwani, na sheria ya mwaka 2009 yawalinda watoto. Basi sheria zipo. Lakini sheria haitembei yenyewe; inahitaji mtu wa kuisema.

6. MFANO: SIKU YA MATEMBEZI

Wanafunzi wa darasa la tano la sekondari wa shule moja ya kijijini walipanda kamioni saa kumi na moja asubuhi kwenda Kalemie. Walikuwa 34 pamoja na mwalimu wao na sista mmoja. Walibeba mihogo ya kuchemsha, karanga na maji. Mwalimu alikuwa ameomba ruhusa ya kila mzazi kwa maandishi, na wiki mbili kabla ya safari alikuwa amewafundisha yale yaliyoandikwa hapa juu.

Baada ya Misa watu walipangwa mstari mmoja kutoka kanisani mpaka karibu na bandari. Mwendo ulikuwa wa saa moja hivi. Mwanzo wavulana walichekeana. Kisha jua likapanda, mstari ukarefuka, na kicheko kikaisha. Mwenye kutembea kwa mstari hawezi kuchagua mwendo wake: wa mbele akisimama, naye husimama, wa mbele akiharakisha, naye huharakisha. Walipofika mahali ziwa lionekanapo wazi, mwalimu aliwaketisha chini ya mwembe, akawaruhusu kusema.

Mvulana mmoja akauliza, "Mwalimu, wale wa zamani walifungwa kongwa. Wa leo wanakwenda wenyewe, tena wamevaa nguo mpya. Kwa nini hawatoroki?"

Mwalimu akajibu, "Kongwa la leo halionekani shingoni. Mmoja hunyang'anywa paspoti. Mwingine huambiwa, Unadaiwa nauli. Ukiondoka mama yako atalipa. Mwingine hajui lugha ya watu wa huko wala barabara ya kurudi. Katika nchi kadha wa kadha mtumishi wa nyumbani hufungamanishwa na bwana wake kwa utaratibu uitwao kafala, na akitoka bila ruhusa huhesabiwa mkosaji. Sasa niambie, huyo atatorokea wapi?"

Sista akaongeza, "Tena kumbukeni Yosefu, mwana wa Yakobo. Hakuuzwa na wageni. Ndugu zake mwenyewe walimwuza kwa vipande 20 vya fedha. Kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi anayekuja kuomba mtoto ni mtu anayeitwa shangazi, au mjomba, au jirani."

Kulikuwa na msichana wa miaka 17 aliyekaa pembeni, naye hakuuliza neno. Wengine walipokwenda kula, alimfuata mwalimu.

"Mwalimu," alisema, "kama mtu amekwisha kupokea fedha, je, bado anaweza kukataa?"

"Nani amepokea, binti yangu?"

"Mama."

Ndipo akaeleza. Mwanamke mmoja mwuza vitenge, jirani yao wa zamani, alikuwa amemtafutia kazi ya nyumbani katika nchi ya Ghuba. Alikuwa amempa mama dola 150 za matayarisho, zitakazokatwa katika mshahara. Safari ilikuwa baada ya wiki tatu. Alikuwa ameambiwa aseme kwamba ana miaka 21, na asiwaambie rafiki zake kwa sababu watu wana wivu.

Mwalimu hakupiga kelele wala hakumlaumu. Alimwuliza kama angependa waende wote wawili kwa mama. Msichana akakubali.

7. YALIYOFUATA

Jioni ya siku ya pili mwalimu na sista walifika nyumbani. Mama aliwapa viti, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini mdogo wake alilazwa hospitali, na deni la hospitali sikulipa bado lote. Karo ya shule sikulipa. Umewapeleka watoto kujifunza historia. Njaa nitailisha kwa historia?"

Mwalimu akajibu, "La, Mama. Sikuja kusema kwamba shida yako ni ndogo. Nimekuja kukuomba umwulize huyo mama maneno matatu tu. Bwana wa kazi ni nani, jina lake na mahali pake? Paspoti ya mtoto itakaa mikononi mwa nani? Na mtoto akitaka kurudi, atarudi kwa njia gani na kwa fedha ya nani? Akijibu vizuri mbele ya watu, mtaamua. Asipojibu, utakuwa umejibiwa."

Mama akanyamaza kitambo, akasema, "Maneno matatu siyo mengi."

Siku ya Ijumaa mwuza vitenge akaitwa. Walikuwapo mama, mwenyekiti wa shirika lao la Kikristo la mtaani, sista, na mzee mmoja jirani. Kwa swali la kwanza mwanamke akacheka, akasema bwana ni tajiri, atajulikana huko. Kwa swali la pili akasema paspoti hutunzwa na ofisi, ndiyo desturi. Kwa swali la tatu akasimama kwa hasira, akasema kwamba watu wa mtaa huo hawapendi maendeleo, na kwamba anataka fedha zake kesho, dola 200.

"Ulinipa 150," alisema mama.

"Na faida?"

Hapo kila mtu aliyekuwapo aliona lililokuwa limefichwa. Deni lilikuwa limeanza kuzaa kabla mtoto hajapanda motokaa.

Dola 60 zilikuwa zimekwisha kutumika hospitalini. Shirika lilichanga sehemu. Mama akauza mbuzi na magunia mawili ya ndakala waliokauka. Mwanamke alirudishiwa 150 mbele ya mashahidi, nao wakaandika karatasi. Habari yake ikapelekwa kwa wakuu wa Serikali.

Umaskini haukuondoka nyumbani mle siku hiyo. Karo bado ilidaiwa, na msichana alianza kuuza mikate ya asubuhi kabla ya kwenda shule. Tena, habari hiyo ilipoenea, mama mwingine wa mtaa uleule alikuja kwa sista akilia. Binti yake alikuwa ameondoka mwezi uliotangulia kwa mkono wa mwanamke huyohuyo, na simu yake ilikuwa imenyamaza tangu wiki ya pili. Jina la binti huyo liliandikwa na kupelekwa kwa wakuu. Mama yake hulala na simu karibu na kichwa, akingoja.

Mwalimu awaambie wanafunzi habari zote mbili. Ya kwanza yafundisha kwamba neno lililosemwa mapema huokoa. Ya pili yafundisha kwamba kukawia kuna gharama, na anayeilipa siye aliyekawia.

8. MAMBO YA KUWAKUMBUSHA WANAFUNZI

Wahenga walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kazi inayomtafuta mtu asiye na ujuzi, ikamwahidi mshahara mkubwa, na kumtaka aondoke upesi na kwa siri, ichunguzwe mara mbili. Dalili kubwa ni hizi: kuambiwa udanganye umri wako; kukatazwa kuwaambia jamaa; kukosa mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoijua; kukopeshwa nauli na mtu atakayekuwa na amri juu yako; kutakiwa umpe mwingine karatasi zako.

Mtu akiamua kusafiri kwa kazi ya halali, ambayo si dhambi wala kosa, aache nyumbani nakala ya paspoti, jina na anwani ya mwajiri, na picha ya aliyempeleka. Akubaliane na jamaa yake neno moja la siri, ambalo akilitaja kwa simu watajua kwamba yumo hatarini. Aandike mahali pa siri anwani ya ubalozi wa nchi yake.

Aliyerudi asichekwe. Watu wengi waliofanyiwa biashara huficha habari zao kwa sababu wanaogopa dharau ya majirani kuliko walivyomwogopa bwana wao. Masista wa mtandao wa Talitha Kum, ulioanzishwa mwaka 2009 na umoja wa wakuu wa mashirika ya masista, hufanya kazi ya kuwapokea watu hao katika nchi nyingi. Jina lao ni maneno Yesu aliyomwambia binti wa Yairo, maana yake: Msichana, inuka. Lakini binti yule alipoinuka, Bwana aliamuru apewe chakula. Basi anayemwinua mtu amtafutie pia cha kula na kazi ya kufanya, asije akarudi kwa yule aliyemwuza.

9. MASWALI NA MAJIBU

Swali: Biashara ya watu ina sehemu ngapi?
Jibu: Ina sehemu tatu: tendo, njia, na shabaha. Kwa mtoto, tendo na shabaha hutosha.

Swali: Je, ni lazima mtu avushwe mpaka?
Jibu: La. Hata ndani ya mji mmoja biashara ya watu yawezekana.

Swali: Mtu aliyekubali mwenyewe, je, ametendewa kosa?
Jibu: Ndiyo, ikiwa alikubali kwa sababu ya nguvu au udanganyifu, au ikiwa hajatimiza miaka 18.

Swali: Mji wa Kalemie ulianzaje?
Jibu: Ulianza mwaka 1891 kama ngome ya kuzuia biashara ya watumwa ziwani.

Swali: Kwa nini haitoshi kuivunja minyororo ya zamani?
Jibu: Kwa sababu wale wale waliojisifu kuivunja walifunga mingine wakati wa mpira. Kila kizazi chapaswa kuchunguza minyororo ya wakati wake.

Swali: Ni maneno gani matatu ya kumwuliza anayeleta kazi ya mbali?
Jibu: Bwana wa kazi ni nani na yuko wapi? Paspoti itakaa kwa nani? Nikitaka kurudi, nitarudije?

Swali: Aliyekwisha kupokea fedha, je, aweza bado kukataa?
Jibu: Aweza. Fedha hurudishwa, mtu hauzwi. Wala asiachwe kuzirudisha peke yake.